Ataksia ya kurithi: kama ni ugonjwa wa ukoo, mbona hawafanani?

Baba alianza kuyumba akiwa na miaka 52, na mpaka leo anakwenda sokoni na bakora yake. Bintiye miguu ilianza kukakamaa akiwa kidato cha tatu. Shangazi, dada wa huyo baba, hayumbi sana, ila ganzi na miguu kuwaka moto vinamnyima usingizi. Waambie ndugu kwamba wote watatu wana ugonjwa mmoja, tena umetoka kwa marehemu babu, uone watakavyokukatalia: kama ni wa ukoo, mbona hawafanani?

Familia hiyo ni ya mfano tu, lakini swali ni la kweli, wala si la kijinga. Liliwahi kuwazungusha hata mabingwa wa mishipa ya fahamu, kama tutakavyoona. Ili kulijibu, kwanza tujue ataksia ni nini, kisha tujue ni kitu gani hasa kinachorithiwa.

Nguvu ipo, mpangilio hakuna

Ataksia ni neno la Kigiriki lenye maana ya kukosa mpangilio. Si jina la ugonjwa mmoja. Ni jina la hali, kama tunavyosema homa. Homa huletwa na malaria, taifodi au hata jipu, na ataksia nayo ina visababishi vingi. Mwenye ataksia hajapooza. Mpe mkono akubane, utasikia nguvu zake. Kilichompotea ni kipimo: mguu unatua mbali kuliko alivyokusudia, kijiko kinaupita mdomo, sauti inatoka kwa mikupuo, neno hili limepigiwa kelele na linalofuata halisikiki.

Mtazame mwanamke anayetoka kisimani na ndoo ya lita 20 kichwani, mikono imelegea, anapiga soga na mwenzake. Shingo, kiuno, magoti na vifundo vya miguu vinasahihishana kila nukta bila yeye kuwaza. Msimamizi wa kazi hiyo ni ubongo mdogo, ulioko kisogoni chini ya ubongo mkubwa. Ubongo mkubwa huamuru "nenda". Ubongo mdogo huangalia mwendo umezidi au umepungua, kisha hurekebisha. Taarifa za kupimia huzipata kutoka kwenye viungo, zikipanda kwa njia ya uti wa mgongo, na kutoka sikio la ndani. Ubongo mdogo ukiharibika, au njia za taarifa zikikatika, mtu atayumba.

Kuna kipimo kidogo ambacho watu hujipima bila kujua. Mtu anatawadha, anafumba macho maji yasiingie, mara anapepesuka na kushika ukuta. Akifumbua macho anatulia. Huyo mara nyingi tatizo lake liko kwenye uti wa mgongo na neva za miguu: macho ndiyo yaliyokuwa yakimwambia miguu iko wapi. Anayeyumba sawasawa macho yakiwa wazi au yamefumbwa, mshukiwa wa kwanza ni ubongo mdogo wenyewe. Daktari akikusimamisha miguu pamoja na kukuambia ufumbe macho, hicho ndicho anachokitafuta.

Kabla ya kusema ni ya kurithi

Pombe ya miaka mingi huua seli za ubongo mdogo. Dawa ya kifafa iitwayo fenitoini ikizidi mwilini huleta kuyumba na macho kuchezacheza. Upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo kufanya kazi kidogo, HIV, uvimbe kichwani, vyote vinaweza kuleta picha ileile. Kasi yake husaidia kutofautisha. Ataksia ya kurithi kwa kawaida huingia taratibu, kwa miezi na miaka, kiasi kwamba familia hubishana ilianza lini. Mtu aliyekuwa mzima asubuhi na jioni hawezi kusimama, usikae naye nyumbani ukimchorea ukoo. Huyo huenda ana kiharusi cha ubongo mdogo, na mahali pake ni hospitali saa hiyohiyo.

Wala ugonjwa kuwapata watu kadhaa wa nyumba moja hakuufanyi uwe wa kurithi. Mfano wa karibu ni konzo. Jina hilo ni la Kiyaka, lugha ya Kongo, kwa maana ya miguu iliyofungwa, na daktari Trolli aliuandika mwaka 1938. Tanzania iliuona Tarime mwaka 1985, na Mtwara mwaka 2002 na 2003. Watoto na akina mama wa nyumba moja hukakamaa miguu, na majirani husema ni laana ya ukoo. Chanzo ni sumu ya sianidi kwenye muhogo mchungu ambao haukulowekwa na kukaushwa vya kutosha, hasa wakati wa ukame ambapo muhogo ndio chakula pekee na protini hakuna. Hata mwenendo wake si wa ataksia ya kurithi: hupiga kwa siku moja au chache, kisha unakoma palepale bila kuendelea mbele. Na miguu hukaza. Mtu hayumbi kwa kukosa kipimo. Chungu kimoja kinaweza kuwaletea ugonjwa watu watano bila jeni yoyote, yaani agizo la urithi lililo ndani ya seli, kuhusika.

Njia mbili za kurithi

Kila jeni tunayo katika nakala mbili, moja ya mama na moja ya baba, ukiacha zile chache zilizoko kwenye kromosomu za jinsia. Ataksia nyingi za kurithi hupita kwenye mojawapo ya njia mbili.

Ya kwanza wasomaji wengi wanaijua kupitia selimundu. Ili mtoto augue, lazima apate nakala mbovu mbili. Mzazi mwenye moja tu ni mzima, pengine hatajua maisha yake yote. Wazazi wawili wa namna hiyo wakikutana, kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya mtoto kuugua, 2 kati ya 4 ya kuwa mbebaji mzima, na 1 kati ya 4 ya kuwa huru kabisa. Ugonjwa huonekana kwa ndugu wa kizazi kimoja huku wazazi ni wazima, na hapo ndipo watu hukosea wakasema "haujatoka kwetu". Umetoka kwenu pande zote mbili. Ndoa za binamu huongeza uwezekano kwa sababu wote wawili huenda wamebeba nakala ya babu mmoja. Ataksia ya Friedreich, aliyoielezea Nikolaus Friedreich wa Heidelberg mwaka 1863, iko kwenye njia hii.

Njia ya pili haihitaji nakala mbili. Moja mbovu yatosha, hata kama nyingine ni safi. Hapa ndipo lilipo kundi kubwa linalofupishwa SCA, yaani ataksia za ubongo mdogo na uti wa mgongo, zilizopewa namba kadiri zilivyogunduliwa. Sasa zimepita 40. Mgonjwa ana nafasi nusu kwa nusu ya kumpitishia kila mtoto, awe wa kiume au wa kike.

Hiyo nusu inawasumbua watu sana. Wengine wana watoto wanne wakahesabu: wawili wataugua, wawili watapona. Wengine husema aliyefanana na baba ndiye aliyeubeba. Sarafu haina kumbukumbu. Ukiirusha mara nne inaweza kuangukia upande mmoja mara zote. Kwa watoto wanne, uwezekano wa wote kunusurika ni 1 kati ya 16, na wa wote kurithi ni huohuo 1 kati ya 16. Pua na sura haviingii kwenye hesabu hiyo, kwani hupangwa na jeni nyingine kabisa.

Familia tatu, majina matatu, ugonjwa mmoja

Mwaka 1972 madaktari wa Marekani waliandika juu ya familia ya Massachusetts yenye asili ya kisiwa cha São Miguel, katika visiwa vya Azores vya Ureno. Wakauita ugonjwa wa Machado, kwa jina la mzee wa ukoo huo. Mwaka huohuo wengine wakaielezea familia ya Thomas, nayo ya asili ya Azores, wakaupa jina lao. Mwaka 1976 ikaja familia ya tatu, huko California, kizazi cha baharia Antone Joseph wa kisiwa cha Flores. Ugonjwa wa tatu, jina la tatu.

Walikuwa na sababu. Penye familia moja waliona miguu iliyokonda na kufa ganzi. Penye nyingine, macho yaliyokodoka na yasiyogeuka vizuri. Penye ya tatu, misuli iliyokaza na viungo kupindapinda kwa vijana. Nani angesema ni kitu kimoja?

Jibu lilipatikana watu walipokwenda visiwani kwenyewe. Madaktari wawili wa Ureno, Paula Coutinho na Corino Andrade, waliwapima wagonjwa wa Azores ukoo kwa ukoo, na mwaka 1978 wakaandika kwamba sura hizo zote zinakutana ndani ya familia moja, wakati mwingine chini ya paa moja. Walioanza ujanani hukakamaa na kupindapinda. Wanaoanza katikati ya maisha huyumba zaidi. Wanaoanza uzeeni hupata ganzi na kukonda misuli. Baadaye ikaongezwa sura ya nne, adimu, inayofanana na Parkinson: kutetemeka na mwendo wa kuburura. Mwaka 1994 jeni yenyewe ilipatikana kwenye kromosomu ya 14, ambayo leo huitwa ATXN3. Watafiti wa Ulaya waliokuwa wakifuatilia familia zao, walizozipa namba SCA3, wakakuta ni jeni hiyohiyo. Ndiyo maana leo cheti kimoja husema Machado-Joseph na kingine SCA3. Ukikuta majina mawili katika mafaili ya ndugu, usidhani ni magonjwa mawili.

Neno lililorudiwa

Sasa tuone kwa nini. Maandishi ya urithi yana herufi nne tu, A, C, G na T, na husomwa tatu tatu. Ndani ya jeni ATXN3 kuna mahali ambapo neno CAG limerudiwa mfululizo. Watu wazima wa afya wana marudio kati ya 12 na 44. Wagonjwa wengi wana kuanzia 60 hivi kwenda juu.

Mpe mwanafunzi kazi ya kunakili sentensi yenye neno "pole" mara 20: pole pole pole pole... Atanakili sawa. Mpe yenye "pole" mara 70. Jicho litateleza, atasahau alipofika, atazidisha mawili au kupunguza moja. Mwili nao unaponakili jeni hukosea vivyo hivyo, na kadiri mlolongo ulivyo mrefu ndivyo kosa linavyokaribia. Mlolongo mfupi hukaa salama vizazi na vizazi. Mrefu ni wa kuteleza, na mara nyingi huteleza kuelekea kwenye kuongezeka.

Kila CAG huongeza kipande kimoja cha glutamini, mojawapo ya matofali ya kujengea protini, kwenye protini inayotengenezwa. Mkia wa glutamini ukirefuka kupita kiasi, protini inajikunja vibaya, zinashikana na kuganda ndani ya seli za neva, na seli hizo hudhoofika taratibu. Mkia mrefu zaidi huharibu mapema zaidi na mahali pengi zaidi. Hapo ndipo penye jibu la swali la ndugu: kinachorithiwa si ugonjwa uliokamilika na tarehe yake. Kinachorithiwa ni mlolongo, na urefu wake unaweza kubadilika njiani.

Rudi kwa ile familia ya mfano. Tuseme babu alikuwa na marudio 64, akafariki kwa ajali akiwa na miaka 55, mzima machoni pa watu wote. Shangazi alipata 65. Ganzi ikamjia baada ya miaka 60. Baba alipata 68, akaanza kuyumba na 52. Bintiye akapata 79. Kwa ugonjwa huu mruko wa kawaida ni wa marudio machache tu, kwa hiyo huu ni mkubwa, lakini hutokea, hasa ukitoka kwa baba, kwa sababu mbegu za kiume hunakiliwa maisha yote na kila kunakili ni nafasi ya kuteleza. Ugonjwa kuanza mapema zaidi kila kizazi si hofu ya wazazi wala mtoto kuiga mwendo wa baba yake. Ni hesabu.

Lakini hesabu hiyo isitumike kama ramli. Kwa Machado-Joseph, idadi ya marudio inaeleza karibu nusu tu ya tofauti za umri wa kuanza. Ndugu wawili wenye namba ileile wanaweza kupishana miaka kumi au zaidi. Nusu iliyobaki hutokana na jeni nyingine, zikiwemo zinazosimamia ukarabati wa maandishi ya urithi, na ukweli kwamba mlolongo huendelea kuteleza ndani ya mwili wa mtu mmoja, kwa kasi tofauti katika viungo tofauti. Mtu akikuambia "una 72, utaanza na miaka 41", amekudanganya kwa namba sahihi.

Kila jeni na tabia yake

SCA7 inatuhusu zaidi kijiografia, maana familia zake zimechunguzwa vizuri Afrika Kusini na Zambia. Hiyo hula na retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Kwa wengine rangi huanza kufifia na macho kupotea miaka kabla ya kuyumba. Kwa wengine miguu hutangulia. Mlolongo wake ni mtelezi kuliko zote: ukipita kwa baba unaweza kuruka makumi ya marudio, hata mtoto mchanga akaugua vibaya kabla mzazi hajaonyesha dalili yoyote. Fikiria familia hiyo inapoambiwa ugonjwa wa mtoto umetoka kwa baba anayecheza mpira kila Jumapili.

SCA2 imejaa Holguín, mashariki mwa Kuba, ambako pana kituo maalumu cha utafiti wake. Alama yake ni macho yanayogeuka polepole mno: mgonjwa akitaka kutazama kando hugeuza kichwa kizima. SCA6 ni ya upole kwa kulinganisha. Huanza miaka 50 hivi, marudio ni 20 tu na zaidi kidogo, na haipunguzi sana umri wa kuishi. Jeni hiyohiyo ya SCA6 ikiharibika kwa namna nyingine huleta ataksia ya vipindi, ambapo mtu huyumba saa kadhaa kisha akawa mzima, au kipandauso chenye kupooza upande mmoja.

Friedreich ina mlolongo pia, GAA, lakini umekaa sehemu ya jeni isiyotengeneza protini. Kazi yake mbaya ni kuifunga jeni, kama kurasa za kitabu zilizogandana kwa maji: maandishi yapo, hayafunguki. Protini ya frataksini inapungua na vinu vya nishati vya seli vinaathirika. Kwa kawaida huanza kati ya miaka 10 na 15, ila wapo wanaoanza baada ya 40. Kinachoamua zaidi ni nakala ile yenye mlolongo mfupi kati ya mbili. Kwa hiyo kwa ndugu watatu mmoja huletwa hospitali kwa kuyumba, wa pili kwa uti wa mgongo uliopinda, wa tatu kwa moyo uliovimba ukuta, na wengine hupata kisukari. Ugonjwa huu ni adimu sana kwa Waafrika wa kusini mwa Sahara, jambo linalopaswa kumfanya daktari wa huku afikirie na mengine.

Moja ya hayo mengine lisipite bila kutajwa, kwa kuwa linatibika: ataksia ya upungufu wa vitamini E wa kurithi, iliyojulikana sana Tunisia na Moroko. Hufanana na Friedreich kama pacha. Mgonjwa anakula vizuri, ila ini lake haliwezi kuipakia vitamini E kwenye damu. Kipimo cha vitamini E katika damu hutoa jibu, na tiba ni vitamini hiyo kwa dozi kubwa, kwa mtu mzima kati ya miligramu 800 na 1,500 kwa siku, maisha yote, chini ya daktari. Ikianzishwa mapema huzuia ugonjwa kusonga. Ikichelewa, kilichokwisha kuharibika hakirudi chote. Kumwacha mtoto anayeyumba bila kipimo hicho ni kosa lisilosameheka kirahisi.

"Uliruka kizazi"

Katika njia ya nakala moja, ugonjwa hauna desturi ya kuruka. Unaonekana kuruka. Yule babu wa marudio 64 alifariki kabla ya zamu yake. Bibi fulani alikuwa na ganzi tu, wakasema uzee. Mjomba alifukuzwa kazi kwa ulevi ingawa hakunywa. Pia wapo wenye marudio ya mpakani ambao huzeeka bila kuugua, kisha mlolongo ukakua kwa mtoto. Na mara nyingine mzazi anayedhaniwa siye aliyezaa. Hilo mtaalamu wa ushauri nasaha hulitaja kabla ya kipimo, faraghani, lisije likalipuka mezani.

Hauambukizi. Kula naye, kuoana naye, kuazimana nguo, hakuna neno. Wala hauletwi na kuanguka utotoni. Mara nyingi mtoto alianguka kwa sababu ugonjwa ulikuwa umeshaanza.

Ukienda kwa daktari, nenda na ukoo wako

Chora vizazi vitatu kwenye karatasi: mraba kwa mwanamume, duara kwa mwanamke. Kosa kubwa ni kuandika magonjwa. Andika dalili na umri. "Parkinson" huenda ni jina alilopewa mtu kwa makosa, lakini "alianza kushika ukuta akiwa na 40" halidanganyi. Uliza nani alipofuka, nani alikufa ghafla kijana, nani alipata kisukari kabla ya 30, nani ana nyayo zilizoinuka kama upinde, nani ana kikohozi kikavu cha miaka mingi kisicho na sababu. Hilo la kikohozi si utani: ipo ataksia ya uzeeni, inayotokana na jeni RFC1, uhusiano uliogunduliwa mwaka 2019, ambayo kikohozi huitangulia kwa miaka mingi. Kama hamkubaliani ilianza lini, tafuteni video ya harusi ya zamani. Mtazame anavyoingia ukumbini, anavyogeuka, anavyokata keki.

Vipimo vya awali ni vile vya kutafuta kinachotibika: B12, tezi, sukari, HIV, kaswende, vitamini E, na picha ya MRI ya kichwa. MRI safi mwanzoni haifuti ataksia. Katika Friedreich ubongo mdogo unaweza kuonekana wa kawaida huku uti wa shingoni umeshakonda.

Kisha jeni, na hapa watu wengi hupotezewa fedha. Vipimo vingi vya kisasa vya jeni husoma vipande vifupi vya herufi kama 150. Marudio 80 ya CAG ni herufi 240. Marudio 800 ya GAA ni 2,400. Hayaingii kwenye kipande. Kipimo kitasoma jeni elfu kadhaa kwa uaminifu, kikose kitu kilekile kilichokuleta, kisha kirudi na jibu "hakuna tatizo". Uliza kabla ya kulipa: kipimo hiki kinahesabu marudio? Ya jeni zipi? Kama ndugu mmoja ameshapimwa na jeni inajulikana, wengine hawahitaji orodha ndefu. Wapimwe hiyo moja.

Ndugu aliye mzima ana haki ya kujua na ana haki ya kutojua. Kwa magonjwa ya utu uzima yasiyo na tiba, mtoto wa chini ya miaka 18 asiye na dalili hapimwi. Ataamua mwenyewe akikua. Kabla ya kupima, kaa na mshauri nasaha, chagua mtu atakayekuwa nawe siku ya majibu, na usipime wiki ya mtihani au ya harusi.

Dawa na nyumba

Kwa SCA nyingi hakuna bado dawa ya kuzuia. Kwa Friedreich, Marekani iliidhinisha omaveloxolone Februari 2023 kwa wenye miaka 16 na zaidi. Hupunguza kasi, haiponyi. Ataksia ya vipindi mara nyingi hutulizwa na asetazolamidi. Mwenye Friedreich apimwe moyo na sukari kila mwaka hata kama hana dalili.

Mazoezi ya usawa si ya kupitisha muda. Kusimama kwa mguu mmoja karibu na meza, kutembea kisigino kwa kidole kando ya ukuta, kuchuchumaa na kuinuka, kila siku, kwa ugumu unaomfanya ayumbe kidogo bila kuanguka: yakiwa mepesi mno hayafundishi kitu. Kandambili ziachwe, kiatu kifunge kisigino. Mkeka unaoteleza mlangoni utoke. Choo cha kuchuchumaa kiwekewe bomba la kushikia lililofungwa ukutani kwa zege, si kwa misumari.

Kumeza ndiko kunakoua kimyakimya, kwa sababu chakula kikiingia njia ya hewa huleta nimonia. Dalili ya kwanza ni kupaliwa na maji huku ugali unashuka vizuri. Maji hukimbia kuliko koo linavyoweza kujifunga. Akae wima, ainamishe kidevu anapomeza, anywe funda dogo dogo, vinywaji viwe vizito kama uji, na asilale hadi nusu saa ipite. Pombe hata kidogo humwongezea kuyumba, na dawa za usingizi kama daizepamu pia. Aliyepewa fenitoini kwa kifafa amuulize daktari kama ipo mbadala.

Mwisho, cheti. Majibu ya marudio yaje na namba za nakala zote mbili, kwa mfano 23 na 68, pamoja na jina la jeni. Cheti kilichoandikwa "chanya" tu kirudishe maabara wakuandikie namba, kisha weka nakala yake pamoja na ile karatasi ya ukoo. Mpwa atakayeyumba miaka 15 ijayo ataanzia hapo.